Vitabu Vitatu

Ni vitatu tu. Cha wachezaji, cha msimulizi, cha mazimwi.
Cha kwanza kimevunjika mgongo ukurasa wa tisini,
nimekifunga kwa utepe wa fundi bomba.
Cha pili kina duara la kahawa ya Osmo
juu ya jedwali la hali ya hewa,
ndiyo maana katika nchi yetu ya kubuni
hakuna ajuaye mvua ya mawe ni namba ngapi.
Cha tatu kinanuka chumba cha chini.

Thunder Bay, Januari. Huko juu
katapila la theluji linakwangua barabara,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Huku chini tanuri linaguna, meza ya kukunja inayumba,
na dadu ya pande ishirini ni ile ya kijani, ya Raija,
inayompendelea Raija, na sote twajua.

Miaka kumi na moja ya Alhamisi.
Mwanzo ilikuwa ukata: kiwanda cha karatasi kilifungwa,
Osmo ana watoto wanne, nani anunue kitabu cha nne?
Ramani tulichora nyuma ya bahasha za bili ya umeme.
Kazi zilirudi baadaye. Bahasha tukaendelea nazo.
Kipya kinyemi ingawa kidonda; nami si malaika,
nimewahi kusimama dukani, kidole juu ya jalada linalong'aa,
hadi mwenye duka akazima taa.

Kisha Delphine akamleta mpwa wake, Bryden,
miaka kumi na sita, begi limemlemea bega:
vitabu sita, viwili bado vimo ndani ya nailoni.
Alitaka kuwa nusu jini, nusu saa ya ukutani.
Nikamwambia, chagua humu.
"Humu kuna nini?"
Kuna mtu. Mwenye upanga.
"Basi?"
Basi.

Akaandika kama anayetia saini polisi.
Penye jina akaandika: Mtu.
Raija alicheka hadi karanga zikampalia.

Darajani walitokea vibwengo watatu,
ukurasa uliochakaa kuliko zote;
tumewaua vibwengo hao tangu Osmo ana nywele.
Wa kwanza akaanguka. Wa pili akatumbukia mtoni.
Wa tatu, sijui kwa nini nilisema hivyo,
labda nilikuwa nimechoka,
wa tatu alitupa mkuki, akaketi.

"Anafanya nini?" akauliza Bryden.
Nikafungua kitabu. Pigo lake, kinga yake,
sarafu ngapi mfukoni.
Juu ya kibwengo aliyeketi, hakuna neno.
Nikapekua cha pili. Kimya.
Tanuri nalo likazima, kama lilivyo.

"Basi Mtu naye anaketi," akasema.
"Anamuuliza jina."

Sikuwa na jina. Wanne wananitazama,
kalamu hewani.
Macho yangu yakashukia doa la kahawa.
"Duara," nikasema. "Anaitwa Duara."

Tangu hapo wiki saba hatujavuka lile daraja.
Duara ana deni. Duara anaogopa maji yaendayo kasi.
Duara ana mama, na mama ana maneno.
Kila tunapokwama twarusha ile ya kijani,
twabishana, twakubaliana, Osmo ananuna, twaendelea.
Begi la Bryden liko chini ya ngazi,
limepata mstari mweupe wa chumvi ya viatu.

Juzi aliniazima cha tatu, akakaa nacho siku nne.
Mimi huwa sitaki mtu aandike ndani ya vitabu vyangu,
wanajua, nimewahi kumfukuza mtu kwa hilo.
Usiku nikakifungua pale pa kibwengo.
Pembeni, chini ya sarafu, kwa penseli, herufi ndogo:
*Pengine huketi.*

Nikatafuta kifutio. Nikakiona.
Nikakirudisha kwenye droo.
Alhamisi nitahitaji jina la mama yake.